Mwanya wa Upote: Amana ya Anayempa Mtoto Upinde

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola wa walimwengu wote, aliyeumba kila kitu na kukiwekea kipimo chake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Sahaba zake na wote waliofuata nyayo zao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia sala, funga, malezi na mirathi. Ijumaa ya leo tunaomba radhi kidogo, kwani tutaingia katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona ni la mafundi, si la masheikh. Tunakusudia kuzungumzia umbali uliopo kati ya mshikio wa upinde na upote wake, pale upinde unapokuwa umekwishavishwa upote lakini haujavutwa. Umbali huo tutauita mwanya wa upote. Kilichotusukuma kuuandikia ni mkono wa mtoto uliovilia damu, na kauli tuliyoitoa sisi wenyewe juu ya mkono huo bila ya elimu.

Miaka michache iliyopita wazazi wa madrasa moja ya jijini walikubaliana kuwaanzishia watoto wao mazoezi ya kulenga shabaha kwa mishale, kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Ndugu mmoja aliyewahi kusoma Uturuki alikuja na pinde nne za wanaoanza, zilizotengenezwa kwa mbao na faibaglasi, kila mmoja ukiwa na upote mpya. Magunia yaliyoshindiliwa matambara yakasimamishwa mbele ya ukuta mrefu, mstari ukachorwa kwa chokaa, na watoto wakapangwa zamu. Yule ndugu akawafundisha kwa majuma mawili, kisha akasafiri kwa shughuli zake. Sisi kazi yetu ilikuwa kufungua kwa dua na kutoa nasaha fupi.

Katika juma la nne alitujia mama mmoja akiwa na binti yake wa miaka 12. Alitoa salamu, kisha akampandisha mtoto mkono wa baibui. Upande wa ndani wa mkono wa kushoto, kutoka karibu na kifundo hadi chini ya kiwiko, palikuwa na michirizi ya rangi ya zambarau. Upote ulikuwa ukimchapa kila anapoachia mshale. “Sheikh wetu,” alisema yule mama, “mtoto anaupenda huu mchezo, lakini usiku halali kwa maumivu.”

Tulimjibu kwa lile tulilokuwa nalo mdomoni. Tulimwambia binti, mwanangu subiri, kila elimu ina taabu yake. Tukamsimulia habari za Talha bin Ubaydullah (RA), ambaye siku ya Uhud aliukinga mwili wa Mtume (SAW) kwa mkono wake mpaka ule mkono ukapooza. Binti aliinamisha kichwa, akaitika “labeka, Sheikh,” akarudi mstarini. Alivumilia Jumamosi mbili zaidi. Ya tatu hakuja. Wakaacha na wengine wawili, na mzazi mmoja akatangaza barazani kuwa amekwisha kusema tangu mwanzo, upinde si mchezo wa watoto wa kike.

Yule ndugu aliporejea safari, tulimweleza kwamba watoto wa siku hizi hawana subira. Hakutujibu. Alichukua rula ndefu, akaupima upinde wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne. Karatasi ya mtengenezaji ilisema mwanya wa upote uwe kati ya sentimita 20 na 21. Upinde aliokuwa akiutumia yule binti ulisoma 17. Miwili mingine ilikuwa imeshuka karibu hivyo hivyo, na mmoja tu ndio uliokuwa sawa. Nyote zilikuwa mpya. Zilikuwa zimenyooka kwa kuvutwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyezitazama kwa zaidi ya mwezi mzima.

Ndugu msomaji, Talha (RA) aliumia kwa silaha za adui akimkinga Mtume wa Mwenyezi Mungu. Mtoto yule aliumizwa na kamba ambayo watu wazima walikuwa na wajibu wa kuipima. Kuyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja lilikuwa kosa letu, na tulikwenda hadi nyumbani kwao kulikiri mbele ya wazazi wake.

Sasa turudi kwenye asili ya jambo lenyewe. Upigaji mishale, ambao wanazuoni wanauita rimaya, si jambo geni katika dini yetu. Katika Sura ya 8, Al-Anfal, aya ya 60, waumini wameamrishwa waandae nguvu kadiri wawezavyo. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Uqba bin Amir (RA) kwamba Mtume (SAW) alikuwa juu ya mimbari alipoifasiri nguvu hiyo kuwa ni rimaya, akarudia mara tatu. Uqba huyo huyo alipokuwa mzee alikuwa bado akienda na kurudi baina ya shabaha mbili, hata akaulizwa kwa nini anajitaabisha na umri ule. Akajibu kwa hadithi aliyoisikia, yenye onyo kwa mtu aliyejifunza rimaya kisha akaitelekeza. Naye Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume (SAW) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana, akawahimiza na kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (AS) alikuwa mpiga mishale. Alipojitia upande wa kundi moja, kundi la pili likaacha kupiga kwa haya, mpaka alipowaambia kuwa yuko pamoja nao wote.

Hapa tuseme wazi, ili asije mtu akatubebesha tusilolisema: hatuwaiti vijana kwenye vita. Upinde leo ni mchezo wa viwanjani, na ni mazoezi ya mgongo, pumzi na utulivu wa moyo. Umo katika Michezo ya Olimpiki mfululizo tangu 1972. Sunna ya kuujua haikuondoka kwa kuwa majeshi yamekwisha kuuacha.

Kwetu sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi (RA), jambo hili lina ukaribu wa pekee. Imam mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 150 wa Hijra, amenukuliwa kuwa ujanani mwake alipenda vitu viwili, elimu na rimaya, na kwamba akipiga mishale kumi alikuwa akipata yote au akikosa mmoja. Imenukuliwa pia kutoka kwa mwanafunzi wake Al-Muzani kwamba hakuna aliyemtangulia Shafi katika kuutungia fiqhi mlango wa mashindano na rimaya. Waliosoma Matn Abi Shuja madrasani wataukumbuka mlango huo mfupi. Mashindano ya mishale hayasihi mpaka umbali ujulikane na namna ya kushindana ijulikane. Wengi wetu tuliuhifadhi kwa ajili ya mtihani tu. Lakini tazameni: fiqhi inakataa hata zawadi ya mchezo itolewe juu ya umbali usiojulikana. Sisi tulijua kwa hatua umbali wa kutoka mstarini hadi kwenye gunia, na hatukujua umbali wa kutoka kwenye upote hadi kwenye mkono wa mtoto.

Mwanya huu unafanya nini hasa? Tulimwomba yule ndugu atueleze polepole, nasi tunayaandika tuliyoyafahamu. Mtu anapouvuta upinde huiweka nguvu ya mwili wake ndani ya mikono miwili ya upinde, ule wa juu na ule wa chini. Anapoachia, nguvu hiyo hurejeshwa kwa mshale katika njia yote ambayo upote unausukuma, kuanzia kidevuni hadi upote unapokaribia kurudi mahali pake pa kupumzikia. Mwanya ukiwa mdogo, njia hiyo huwa ndefu zaidi, na mshale hupata kasi kidogo ya ziada. Ndiyo maana wako vijana wanaopenda kuulegeza upote wakidhani wamepata faida. Lakini mshale unakaa upoteni kwa muda mrefu zaidi, na kila kosa la mkono katika muda huo mfupi mno hufuatana nao hadi kwenye shabaha. Tena upote unapumzika karibu zaidi na kifundo cha mkono, na unapotetema baada ya kuachia, hukutana na nyama ya mkono. Manyoya ya mshale nayo yanaweza kugusa mshikio kabla ya mshale kuwa huru, ukaenda upande.

Mwanya ukizidi nao una madhara yake. Njia ya kusukuma hufupika na kasi hupungua kidogo. Mikono ya upinde hubaki imekunjwa kupita kiasi hata pale upinde unapopumzika, ikachoka kabla ya wakati wake. Na mvutaji, hasa mtoto, huona upinde umekuwa mzito tangu mwanzo wa kuvuta.

Kila upinde una kipimo chake, na wa kwanza wa kuulizwa ni mtengenezaji. Pinde za mashindano zenye ncha zilizojikunja kuelekea mbele, za urefu wa inchi 66 au 68, mara nyingi hukaa kati ya sentimita 21 na 23. Pinde ndefu zilizonyooka, za namna ya zile za Waingereza wa kale, huhitaji kidogo zaidi, takriban sentimita 15 hadi 18. Na wao walikuwa na kipimo cha mwilini, ngumi iliyowekwa juu ya mshikio na dole gumba likasimamishwa kuugusa upote. Kipimo hicho kinawakumbusha wazee wetu shibiri na morita zao. Ama zile pinde za kisasa zenye magurudumu nchani, mwanya wake umewekwa kiwandani, na asiye fundi asiziguse.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Rula huwekwa kwa pembe mraba na upote, kuanzia pale mshikio ulipobonyea zaidi hadi kwenye upote. Ziko rula zenye umbo la herufi T zilizotengenezwa kwa kazi hii, lakini rula ya shule inatosha ikishikwa sawasawa. La muhimu ni kupima kutoka mahali pale pale kila siku, kwani anayepima leo kutoka ndani ya mshikio na kesho kutoka ubavuni mwake amejidanganya.

Ukiona mwanya umepungua, upote husokotwa. Upinde huteremshwa upote kwanza, kitanzi kimoja kikatolewa nchani, upote ukaongezwa misokoto mitano au sita kwa kufuata upande ule ule uliosokotwa tangu mwanzo, kisha ukarudishwa na kupimwa tena. Msokoto huufupisha upote, na upote mfupi huuinua mwanya. Ukitaka kuushusha, punguza misokoto. Lakini upote usisokotwe mpaka ukaanza kujipiga mafundo wenyewe. Ukifika hapo jua kuwa ni mrefu mno kwa upinde ule, ukatafutwe mwingine. Wala usiachwe bila msokoto wowote, nyuzi zikatawanyika.

Upote mpya ndio uliotuponza sisi. Hunyooka katika siku zake za mwanzo, na ule wa dakroni hunyooka zaidi kuliko ule wa nyuzi za kisasa ngumu. Msidhani basi kwamba hizo nyuzi ngumu ndiyo dawa ya kila upinde. Upinde wa mbao ambao ncha zake hazikuimarishwa unaweza kupasuka kwa kuvishwa upote usionyooka kabisa, kwa kuwa mshindo wote unaishia nchani. Kwa pinde kama zile za madrasa, dakroni ndiyo salama. Anayetumia upote mpya apige mishale kadhaa, apime, asokote, apige tena, na asitegemee kipimo cha siku ya kwanza.

Baada ya kufika ndani ya mipaka ya mtengenezaji, linabaki jambo la sikio. Yule ndugu alianza na kipimo cha chini, akapiga mishale sita, akaongeza misokoto michache, akapiga sita tena. Tulikaa kwenye mkeka tukisikiliza. Mwanzoni upinde ulilia kwa mshindo na kutetema mkononi. Ulipokaribia sentimita 20 na nusu sauti yake ikawa nzito na fupi, na mishale ikaanza kukaa pamoja kwenye gunia. Alipouinua zaidi, kelele ikarudi. Akarejea pale penye utulivu, akaandika namba hiyo kwa wino kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya mkono wa upinde. Kisha akapatazama upya pale mkia wa mshale unaposhika upote, kwa sababu misokoto huweza kupasogeza.

Insafu inatutaka tuongeze kwamba si kila anayechapwa na upote ana upinde wenye kasoro. Wengi huchapwa kwa kuugeuzia kiwiko ndani, na mwalimu anatakiwa amrekebishe mtoto azungushe kiwiko kielekee nje. Kikingio cha mkono nacho kivaliwe daima, hata kwa aliyebobea. Lakini kumfunga mtoto kikingio juu ya upinde usiopimwa ni kama kumpa viatu vinene apite juu ya misumari ambayo tungeweza kuifagia.

Waislamu waliotutangulia hawakuyaona haya kuwa madogo. Taybugha al-Baklamishi, aliyeishi zama za Mamluki katika karne ya 14, aliitungia rimaya shairi zima la mafunzo na kulifanyia sharhi, katika kitabu kinachojulikana kama Ghunyat at-Tullab. Kilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa 1970. Vitabu vya fani hii vinaeleza namna ya kuvisha upote, kasoro za upinde, na madhara yanayompata mpigaji mwilini. Mjini Istanbul, Sultani Muhammad Al-Fatih aliutenga uwanja wa Okmeydanı kwa ajili ya wapiga mishale baada ya kuufungua mji ule mwaka 1453, na baadhi ya mawe yaliyosimikwa kuonyesha umbali wa mishale ya mabingwa yapo hadi leo. Pinde zao ziliunganishwa kwa pembe, mbao, mishipa ya wanyama na gundi, na zikivuliwa upote zilijikunja kinyume, kiasi kwamba asiyejua angeuvisha upote upande usio wake. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliiingiza fani hiyo ya Kituruki katika orodha yake ya urithi wa wanadamu.

Iko hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, kwamba kwa mshale mmoja Mwenyezi Mungu huwaingiza Peponi watu watatu: aliyeutengeneza akikusudia kheri, aliyeupiga, na aliyemkabidhi mpigaji. Wako wanazuoni waliozungumzia sanadi yake, nasi hatulifichi hilo. Tunachokitazama ni kwamba anayekabidhi chombo ametajwa pamoja na anayekitumia. Ikiwa ana sehemu katika thawabu, hawezi kujitoa katika dhamana.

Na dhamana hiyo ina adabu zilizothibiti bila ya shaka. Katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) ameamrisha kwamba mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye vigumba vyake, isije ikamdhuru Muislamu. Katika vitabu hivyo hivyo Ibn Umar (RA) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga, akawakemea kwa laana ya Mtume (SAW) juu ya anayekifanya kiumbe hai kuwa shabaha. Kuku wa jirani basi, na paka wa madrasa, hawamo mchezoni. Mtoto asiruhusiwe kuuachia upote mtupu pasi na mshale, kwani nguvu ambayo mshale ungeichukua hurudi ndani ya upinde na inaweza kuuvunja usoni mwake. Upinde usiachwe ndani ya gari juani. Unapovuliwa upote, vitanzi vifungwe pamoja ili misokoto isifunguke. Na upote uvishwe kwa ile kamba yake maalumu, si kwa kuupitisha upinde katikati ya miguu, namna ambayo huipotosha mikono yake.

Yule binti alirudi. Haikuwa kwa maneno yetu. Baba yake alikuja kwanza peke yake, akaomba rula, akapima pinde zote nne mbele yetu, kisha Jumamosi iliyofuata akamleta. Sasa kuna daftari linaloning'inia kwa uzi kwenye mlango wa stoo, na yeye ndiye anayeliandika: tarehe, namba ya upinde, mwanya kabla ya mazoezi na mwanya baada yake. Mkono wake umepona.

Siku moja vijana walitusihi nasi tujaribu. Tulivua kanzu, tukabaki na shati, tukashika upinde na kusoma bismillah. Kabla hatujauvuta tukasikia sauti nyuma yetu.

“Sheikh, samahani, huo umeshuka nusu sentimita. Nipe kwanza niusokote.”

Tukampa.